Uhandisi wa Udongo: Kusomea Uzamili Ng'ambo
Hotuba kwa vijana na wazazi, Bumala



Malori yanayopiga foleni Busia na Malaba hubebwa na udongo ulio chini ya lami. Kule Budalangi, tuta la mto Nzoia lilipopasuka mwaka 2008, maelfu ya watu walihama makwao. Kujua udongo utabeba uzito gani, na utashindwa lini, ni kazi ya mhandisi wa udongo.

Shahada ya kwanza ya uhandisi wa ujenzi hapa Kenya huchukua miaka 5. Uzamili wa uhandisi wa udongo Uingereza, kama ule wa Imperial College London, ni mwaka 1. Karo ni ghali, lakini ufadhili wa Chevening hulipa karo, nauli ya ndege na posho. Mwombaji awe amefanya kazi angalau miaka 2, na akihitimu sharti arudi nyumbani kwa miaka 2 au zaidi. Kutuma maombi ni bure; anayedai ada ya kuyaharakisha ni tapeli.

Mzazi, kabla ya kuuza shamba, muulize mwanao kama ameomba ufadhili. Kijana, nenda usome, kisha urudi: mvua ikizidi, Nzoia bado hufurika.