Mgeni Huanza kwa Kuketi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya washarika na walimu, Igamba)



Nimeombwa kunena habari za wale watokao kwao kwenda kulitumikia Neno katika nchi ya wengine. Nimelikubali neno hili kwa hofu kidogo, kwa kuwa vijana wetu wanne wameketi hapa mbele, na mizigo yao imekwisha kufungwa. Juma lijalo watavuka mpaka pale Tunduma kwenda Zambia. Basi, maneno yangu ni yao hasa. Ninyi wengine sikilizeni tu, kama mtu asikiavyo barua ya jirani ikisomwa.

Sisi wa Mbozi tulianza kwa kupokea. Mwaka 1891 Wamoravian wanne kutoka Ujerumani walikuja kwa njia ya mto Zambezi na Ziwa Nyasa, wakafika Rungwe. Mmoja wao, Georg Martin, akafa mwaka ule ule. Kisha, mwaka 1899, Traugott Bachmann akajenga kituo cha Mbozi kati ya Wanyiha, akakaa hata vita vilipomwondoa mwaka 1916. Watu huipima kazi yake kwa Agano Jipya la Kinyiha, lililopigwa chapa mwaka 1913. Mimi naipima kwa jambo jingine. Mtu yule alikuja na hukumu zake tayari mkononi. Lakini alipokwisha kuketi na wazee wetu miaka mingi, akiwauliza na kuwasikiliza, alianza kuona ya kuwa mila nyingine alizozishutumu zilikuwa na maana yake, na ya kuwa mengine aliyoyaleta yalikuwa desturi za Kizungu tu, wala si Injili. Hata mwenye wake wengi, alikubali abatizwe pasipo kuwafukuza wake zake. Najua wako humu wasiokubaliana naye katika neno hilo, nami sikuja kugombana na mtu. Alifariki mwaka 1948, na habari za maisha yake zilipotolewa kuwa kitabu, jina lake lilikuwa kama kusema: Nimewakwaza watu mara nyingi. Ni wachache wakubalio jina kama hilo juu ya kazi yao.

Tena msidhani ya kuwa wajumbe wote walitoka Ulaya. Mwaka 1904 David Kaunda, Mtonga wa Nyasaland aliyesomeshwa na Waskoti wa Livingstonia, alitumwa Chinsali kwa Wabemba. Nchi ile haikuwa yake, wala lugha haikuwa yake. Aliwafundisha watu, akafungua shule, akazaa watoto huko. Akawekewa mikono ya uchungaji mwaka 1930 tu, baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita. Miaka miwili baadaye akafariki. Mwanawe mdogo, Kenneth, aliyezaliwa Lubwa mwaka 1924, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Zambia mwaka 1964. Mtoto wa mgeni, wenyeji wakamfanya baba yao.

Sasa na niseme aibu yangu mwenyewe. Mwaka 1987, nikiwa mwalimu kijana, nilikaa miezi mitatu katika kijiji kimoja cha Wabemba. Nilipokewa vizuri: mwaiseni, mukwai, mwaiseni! Nikapewa nyumba, na mkalimani, na kengele. Kila asubuhi nilipiga kengele, watu wakaja darasani, nikafundisha, mkalimani akatafsiri. Jioni nikaandika katika taarifa yangu hesabu ya waliohudhuria. Hesabu ilikuwa nzuri sana.

Siku moja nilipiga kengele, asije mtu. Nikapiga tena. Nikakasirika, nikaenda kwa mzee wa kanisa na daftari langu kwapani, nikamwambia, "Baba, watu wako wamenidharau." Akanitazama kitambo, akasema polepole, "Mwalimu, usiku hukusikia kilio?"

Nilikuwa nimekisikia. Nalidhani ni ngoma ya kipagani, nikajifunika blanketi. Kumbe alikuwa amefiwa mama yule aliyeniletea maji kila siku. Mwanawe ndiye aliyekufa. Nami jina la mtoto yule nilikuwa nalo katika daftari, nikamhesabu kila siku, lakini sikujua ya kuwa anaumwa.

Nikaliacha daftari pale kwa mzee. Nikaenda msibani, nikapewa shoka, nikapasua kuni pamoja na wanaume. Hakuna aliyenisemesha mpaka jioni. Ndipo yule mama akatoka, akaniona nimelowa jasho, akawaambia wanawake wanipe ubwali. Tulikula chombo kimoja, wanaume saba. Tangu siku ile mzee mmoja alianza kunifundisha Kibemba, neno moja moja, akinicheka bila huruma. Na watoto wakaja darasani kabla ya kengele. Mwezi uliobaki ulinifaa kuliko miwili ya kwanza.

Basi, wanangu, nimewaletea madaftari manne, kila mtu lake. Msiandike humo hesabu ya watu. Andikeni majina ya wagonjwa, na ya waliofiwa, na maneno ya Kibemba mtakayofundishwa, pamoja na jina la yule aliyewafundisha. Mkirudi wakati wa kuchuma kahawa, tutaketi hapa hapa, nanyi mtatusomea.