Nani Anatunza Habari za Ziwa? Kupotea kwa Maudhui ya Mtandaoni Kanda ya Ziwa



Mwaka 1945 Aniceti Kitereza, akiwa kwao katika kisiwa cha Ukerewe, alikamilisha riwaya aliyoiandika kwa Kikerewe. Hakupata wa kuichapa. Mswada ulikaa miaka na miaka, hadi mwandishi mwenyewe alipoitia kazi hiyo katika Kiswahili na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka uliofuata. Kwa miaka 35 karatasi ilisubiri kisiwani, penye unyevu na mchwa, na siku ilipohitajika ikasomeka.

Sasa mtu atafute makala, picha au mahojiano kuhusu Ukerewe yaliyowekwa mtandaoni mwaka 2008. Baadhi atayapata. Kwa mengi atakuta ukurasa mtupu, au anwani imeshikwa na tangazo la kubeti. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilipima jambo hili, na mwaka 2024 kikatoa matokeo yake: kati ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Utafiti huo haukuchambua Mwanza peke yake, lakini sioni sababu ya sisi kuwa na hali nzuri kuliko wengine, na ninaona sababu kadhaa za kuwa na hali mbaya zaidi.

Hoja yangu leo ni moja. Maudhui yetu hayapotei kwa sababu mitambo ni dhaifu. Yanapotea kwa sababu hakuna mtu aliyekabidhiwa kuyatunza.

Kila tovuti inasimama juu ya vitu viwili vya kukodi: jina la kikoa na nafasi kwenye seva. Vyote hulipiwa kwa muda maalumu. Mhariri akihama, mfadhili akimaliza mradi, au mwenye tovuti akifariki bila mtu mwingine kujua neno la siri, malipo yanakatika na tovuti inazimika. Hakuna moto wala mafuriko, kwa hiyo hakuna anayeripoti hasara. Hata pale ambapo tovuti haijafa, ukarabati wake huua. Ofisi inatengeneza tovuti mpya yenye rangi nzuri, anwani zote za zamani zinabadilika, na taarifa za miaka mitano iliyotangulia zinaachwa nyuma kwa kuwa mkandarasi hakuambiwa azihamishe. Mimi huo ndio upotevu unaoniudhi kuliko wote, maana unafanyika mbele ya macho yetu na siku ya uzinduzi tunaupigia makofi.

Waliotumia majukwaa ya bure hawakusalimika pia. Yahoo ilifunga GeoCities mwaka 2009, pamoja na kurasa za mamilioni ya watu. Google ilifunga Google+ Aprili 2019. Mwezi mmoja kabla ya hapo MySpace ilikuwa imekiri kwamba nyimbo na picha zilizopandishwa huko kwa zaidi ya miaka kumi zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Mei 2023 Google ikatangaza kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, kuanzia Desemba ya mwaka huo. Nani kati yetu hana akaunti ya zamani ya barua pepe yenye picha za harusi, za msiba, za mahafali ya chuoni Malimbe, ambayo nywila yake imesahaulika?

Niingie ziwani. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, na mamia ya abiria wakapoteza maisha. Wakati huo intaneti nchini ilikuwa jambo la watu wachache sana. Habari zilienda kwa redio na magazeti, tume ya uchunguzi iliandika taarifa yake, marehemu wengi walizikwa Igoma, Mwanza, na mnara ukajengwa. Leo mwanafunzi anayetaka kujua Uhuru, Majira au Nipashe waliandika nini wiki ile anaweza kuomba majalada maktaba. Atapata vumbi, atapata kurasa zilizochanika, lakini atapata pa kuanzia.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Safari hii karibu kila mtu aliyekuwa ufukweni alikuwa na simu. Picha za kivuko kilicholala ubavu, sauti za ndugu wakiulizana nani ameonekana, orodha za majina zilizoandikwa kwa mkono na kupigwa picha, taarifa ya fundi aliyetolewa hai siku mbili baadaye: vyote vilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa wingi wa maelezo, ajali ya MV Nyerere ni miongoni mwa zilizorekodiwa zaidi katika historia ya ziwa hili. Kwa uhifadhi, naogopa tuna kidogo kuliko tulichonacho cha 1996. Sauti zile zilikuwa kwenye simu ambazo zimeibwa, zimeanguka majini, zimejaa na kusafishwa ili zipate nafasi. Kilichowekwa kwenye "status" kilifutika baada ya saa 24.

Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa namna nyingine. Machi 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni kuwa na leseni. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, leseni ya kwanza shilingi 1,000,000, na kila mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Juni 2018 jukwaa la JamiiForums lilijifunga kwa muda, na waandishi kadhaa wa blogu waliacha kabisa. Ada zimerekebishwa baadaye, lakini aliyeacha mwaka 2018 hakurudi kwa sababu tu bei imeshuka. Kwa hiyo miezi mitatu tu kabla ya Ukara, sauti ndogo zisizo na mtaji zilikuwa zimesukumwa kutoka kwenye kurasa za wazi kwenda kwenye makundi yaliyofungwa. Sina nia ya kufungua mjadala wa kanuni hizo hapa. Nasema tu kwamba kanuni ya leseni ina athari kwa kumbukumbu, na sikumbuki wakati wa mjadala ule kama jambo hilo lilipewa uzito.

Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na watu 19 kufariki, mambo yalijirudia. Wavuvi ndio walioanza kuokoa, na simu za watu wa ufukweni ndizo zilizoonyesha hivyo.

Huku kuhama kutoka kurasa za wazi kwenda programu za simu ndiko kunakobadilisha intaneti yenyewe. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam tulidhani tunaingia maktaba kubwa ambayo kila mtu anaweza kufungua. Tulichopata ni vyumba vingi vyenye kufuli. Bei ya dagaa Mwaloni Kirumba, bei ya mabondo, taarifa ya wizi wa injini, tahadhari ya upepo: haya yote yanaandikwa kila siku, kwa Kiswahili safi cha biashara, ndani ya makundi ambayo injini ya utafutaji haiwezi kuyaona. Mchumi wa mwaka 2060 atakayetaka kujua sangara aliuzwaje Mwanza katika miaka hii atajua zaidi kuhusu takwimu za kiwanda kuliko maneno ya mvuvi. Na kurasa chache za wazi zilizobaki zinakosa wasomaji, kwa kuwa sasa mtu akiuliza swali anapewa jibu lililotungwa na akili mnemba juu kabisa ya ukurasa, wala habonyezi linki ya mwandishi. Ukurasa usiotembelewa hauna matangazo, na usio na matangazo haulipiwi kikoa.

Kuna upotevu mwingine ambao hatuutazami kwa sababu unatokea ng'ambo. Mapema mwaka 2025, Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada la USAID, tovuti ya shirika hilo ilizimwa, na pamoja nayo hazina ya ripoti za miradi ya miongo kadhaa. Mpango wa tafiti za afya na idadi ya watu, unaohifadhi takwimu ambazo kaya za Tanzania, zikiwamo za Kanda ya Ziwa, zimetoa kwa miaka mingi, ulisitishwa, na watafiti wapya wakakosa ruhusa ya kupakua data. Machi mwaka huohuo Sauti ya Amerika ilinyamazishwa, idhaa ya Kiswahili ikiwamo, na tovuti yake ikaganda ilipofikia. Watu wa Magu na Sengerema walijibu maswali ya watafiti nyumbani kwao. Majibu yao yalizuiwa na uamuzi wa Washington.

Si kwamba wageni hawatunzi. Wakati mwingine wanatunza kuliko sisi. Katika miaka ya 1990 Mmarekani Mark Bessire aliandaa kurasa kuhusu makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, ngoma zake na vifaa vyake, na kwa miaka mingi kurasa hizo zilikaa kwenye tovuti binafsi ya mhandisi wa kompyuta, Philip Greenspun, kwao Marekani. Tumshukuru. Lakini kumbukumbu ya Bujora kutegemea hisani ya mtu mmoja asiye wa hapa si mpango. Na anayetunza ndiye anayesimulia. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa Mwanza, bado inaonyeshwa duniani. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na mjadala ukawa mkali magazetini na mtandaoni. Anayetaka filamu anaipata kwa dakika moja. Anayetaka majibu ya watu wa Mwanza ajiandae kuchimba.

Wengi hutuliza moyo kwa kusema Internet Archive ipo. Ni kweli, shirika hilo la San Francisco, lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, limeokoa mengi kupitia Wayback Machine, na mtu yeyote anaweza kubandika anwani ya ukurasa pale na kuuhifadhi bila malipo. Fanyeni hivyo leo, kabla ya chai. Lakini lenyewe lilishambuliwa na wadukuzi Oktoba 2024, likazimika kwa siku kadhaa. Na haliingii ndani ya kundi la WhatsApp la Ukara.

Kwetu sheria zipo, ila ni za enzi ya karatasi. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975, inayomtaka mchapishaji apeleke nakala, iliandikwa kabla ya kuwapo tovuti hata moja duniani. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inahusu nyaraka za umma. Kati ya hizo mbili kuna pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo alimo mwandishi wa blogu wa Nyakato, redio ya jamii na televisheni ya mtandaoni yenye kijana mmoja na kamera moja.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni la haki: si kila kitu kinafaa kutunzwa. Picha za maiti wa Ukara zilizosambazwa bila stara hazina haki ya kuishi milele mbele ya macho ya yatima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatupa mahali pa kuanzia. Kutunza si lazima kuwe kuonyesha. Maktaba na idara za nyaraka zimezoea kufunga jalada kwa miaka kadhaa, na faili la simu linaweza kufungwa vivyo hivyo. Kinachohitajika ni mtu wa kuchagua. Sasa hivi anayechagua ni simu iliyojaa.

Kwa hiyo naomba mambo mahususi. Wahariri wa redio na televisheni za Mwanza, msifute matangazo ya zamani ili kupata nafasi kabla hamjatoa nakala na kuiweka nje ya jengo lenu. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), kila mwaka mnawapa wanafunzi wa uandishi wa habari kazi ya vitendo: wapeni kazi ya kukusanya, kwa ridhaa ya wenye simu na kwa kuandika nani alirekodi nini, wapi na lini. Waanze na MV Nyerere, kisha maisha ya vivuko vya Kigongo na Busisi kabla ya daraja lililofunguliwa Juni 2025, maana manahodha na wachuuzi wa gati bado wapo na bado wanakumbuka. Maktaba ya Mkoa ipokee nakala, hata kama ni diski mbili na daftari la orodha. Na maofisa habari wa halmashauri mliomo humu ukumbini, kabla hamjasaini mkataba wa tovuti mpya, ongezeni kifungu kimoja tu: mkandarasi ahamishe kila kilichokuwamo kwenye ile ya zamani, na asilipwe kabla hajahamisha.