NANI MWENYE HAKI YA KUMWEKA MTAWALA?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa barazani Msambweni)



Tarehe 5 Januari, mwaka 1066, Mfalme Edward wa Uingereza alifariki dunia bila ya kuacha mtoto. Watu watatu wakaudai ufalme wake. Harold, shemeji ya marehemu, alichaguliwa na baraza la wakuu, akavikwa taji siku ya pili yake. Harald, mfalme wa Norway, alidai kwa mapatano ya zamani. William, mtawala wa Normandy katika nchi ya Ufaransa, alidai ya kuwa Edward alimwahidi ufalme, na ya kuwa Harold mwenyewe alikwisha kumwapia kiapo. Tarehe 25 Septemba Harold alimshinda Harald, naye Harald akafa vitani. Siku 19 baadaye, Harold naye akauawa karibu na mji wa Hastings. William akavikwa taji siku ya Krismasi.

Tazameni: kila mmoja alikuwa na hoja yake, lakini hapakuwa na kadhi ambaye wote watatu walimkubali. Basi upanga ukawa ndio kadhi.

Nimeanza na habari za mbali kwa kuwa jambo la namna hiyo lilitokea hapa kwetu, na mtu mkuu katika habari hiyo alikaa Gazi, mwendo mfupi kaskazini mwa Msambweni.

Kwa muda wa karibu miaka 90 Wamazrui walitawala Mombasa bila ya kuwatii masultani wa Kibusaidi. Liwali Salim bin Ahmed alipokufa mwaka 1835, jamaa zake wakagombania cheo. Wahenga walisema: vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan aliitwaa Ngome ya Mombasa, na wakuu wengi wa Kimazrui, pamoja na Rashid bin Salim, wakakamatwa na kupelekwa mbali. Waliosalia wakagawanyika: wengine wakahamia Takaungu upande wa kaskazini, na wengine wakaja Gazi. Mbaruk, mwana wa huyo Rashid, ndiye aliyekuwa mkuu wa Gazi baadaye, na mara nyingi alipigana na serikali ya Unguja.

Ilipofika Februari 1895, Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu, alifariki. Wakatokea wawili wa kukitaka kiti chake. Mmoja ni mwanawe, Rashid bin Salim. Wa pili ni jamaa yake aliyemzidi Rashid umri, Mbarak bin Rashid. Tusiwachanganye: huyu ni Mbarak wa Takaungu, wala siye Mbaruk wa Gazi. Wengi waliona ya kuwa haki ni ya mkubwa. Walakini Kampuni ya Kiingereza, iliyokuwa ikitawala pwani kwa mkataba na Sultani tangu mwaka 1888, ilimpendelea Rashid, kwa kuwa alikuwa rafiki yake.

Mbarak hakukubali. Alishambuliwa na majeshi, akakimbia pamoja na ndugu yake Aziz, wakaja kumwomba hifadhi Mbaruk wa Gazi. Hapo mzee huyo alifikwa na mtihani. Wakati ule alikuwa amekwisha kupatana na wakubwa wa Kiingereza. Akiwatoa wageni wake, amewasaliti jamaa zake waliomkimbilia. Akiwaweka, ameitangazia serikali vita. Akawaweka.

Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ilipokea nchi kutoka kwa Kampuni. Tarehe 17 Agosti askari wa Admirali Rawson waliiteka Mwele, boma la Mbaruk lililokuwa bara, vilimani. Vita havikwisha, vijiji vikachomwa, na askari wakaletwa kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka akajitoa kwa Wadachi. Hakurudi tena Gazi. Alifia Dar es Salaam.

Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki Unguja. Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya idhini ya Waingereza. Tarehe 27 manowari za Rawson yule yule zikalipiga jumba kwa mizinga, muda usiofika saa moja, na Hamud bin Muhammed akawekwa kuwa Sultani.

Basi tuseme nani alishinda Takaungu? Rashid alikipata kiti, lakini alikipata kutoka katika mkono wa mgeni, na mkono unaoweza kumpa mtu kiti waweza pia kumwondoa. Mbarak alikikosa, na jamaa zake wakapoteza na nchi waliyokuwa nayo. Swali la 1895 lilianza kwa kuuliza nani mwenye haki ya kutawala. Likaisha kwa kuamua nani mwenye haki ya kumweka mtawala. Na hilo la pili ndilo kubwa.

Wazee wangu, ufalme ni mfano tu. Shamba, nyumba, na hata uenyekiti wa chama chetu vina warithi. Tuiweke kanuni wazi wakati mwenye mali yungali hai na wazee wamekaa pamoja, tusimlazimishe mpita njia kuja kutuamulia; kwani naye haondoki mikono mitupu.