Motokari Inayotetemeka Njiani
Maneno kwa watu wa vijiji wanaopeleka mahindi mujini



Leo sitasema juu ya mbegu wala juu ya mbolea. Nitasema juu ya motokari. Labda mutu atauliza: «Monitere wa kilimo anatafuta nini katika motokari?» Jibu ni hili. Mahindi yanayobaki kijijini yanaliwa na wadudu. Mahindi yanayofika mujini yanakuwa feza ya masomo, ya dawa na ya nguo. Kati ya shamba na soko la Likasi, la Kolwezi ao la Lubumbashi iko njia, na juu ya njia iko motokari. Ikivunjika, kazi ya mwaka muzima inalala katika majani.

Vijiji vingine vimekusanya feza, vikanunua pikapu ya zamani. Ni akili nzuri. Lakini mutu anayenunua mbuzi anajifunza kujua magonjwa ya mbuzi. Motokari vilevile. Inapogonjwa, inasema. Mutetemeko ni maneno yake. Leo tutajifunza kuyasikia.

1. Sababu gani inatetemeka kwa mwendo fulani tu?

Shofere anasema: «Kwa kilometa 50 kwa saa motokari ni nzima. Ikifika 80 ao 90, usukani unatetemeka mikononi. Nikiongeza mwendo, mutetemeko unapungua.» Yule shofere hasemi uongo. Lakini akifikiri kwamba ugonjwa umekwisha kwa sababu mutetemeko umepungua, anajidanganya.

Fungeni jiwe ku kamba, mulizungushe. Mukizungusha pole pole, jiwe linavuta mukono kidogo. Mukizungusha upesi, linavuta sana. Gurudumu ni namna moja. Ikiwa upande mumoja ni muzito kupita mwingine, ule upande unavuta gurudumu juu na chini kila linapozunguka. Na mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kuvuta haiwi mara mbili, inakuwa mara ine.

Sikieni hesabu. Gurudumu la pikapu, likizunguka mara moja, linapita karibu metre 2 na santimetre 30. Kwa mwendo wa kilometa 90 kwa saa, linazunguka karibu mara 11 katika sekonde moja. Udongo wa gramu 100 tu, ukikauka ndani ya janti upande mumoja, unavuta kwa nguvu ya kilo 9 na zaidi. Udongo wa nusu kilo unavuta kama muzigo wa kilo 47, karibu gunia moja la mahindi, mara 11 kila sekonde. Kwa kilometa 45, ule udongo wa gramu 100 unavuta kilo 2 na kidogo tu. Ndiyo maana hamuusikii.

Lakini sababu gani mutetemeko unapungua tena mbele? Mufikiri mutoto anayebembea ku kamba iliyofungwa ku tawi. Ukimusukuma kila anaporudi kwako, anapanda juu sana, hata ukitumia nguvu kidogo. Ukimusukuma upesi kupita, ao pole pole kupita, hapandi. Gurudumu na resori zake zina wakati wao wa kubembea. Mwendo unapofika pale ambapo gurudumu linasukuma kwa wakati ule ule, motokari yote inatetemeka. Ukipita pale, mutetemeko unapungua, lakini nguvu inayovuta inazidi kukua. Inakula mipira, inakula rulema, inalegeza buloni. Kukimbia mbele si dawa.

2. Sababu gani hatuusikii kijijini?

Njia zetu za udongo zina mashimo na mawimbi kama bati. Juu yake kila motokari inatetemeka, nzima na gonjwa. Tena hakuna mutu anayefika kilometa 80 huko. Lakini mukitoka ku njia yetu na kupanda lami, ku njia kubwa inayounganisha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mwendo unaongezeka, na ugonjwa unaonekana. Pale pale munakutana na makamio makubwa ya shaba. Si pahali pazuri pa kuanza kujua kwamba gurudumu limelegea.

Mutetemeko wa njia unakwisha njia inapokuwa laini. Mutetemeko wa motokari unawafuata ku lami. Kwa alama hii mutaachanisha hii miwili.

3. Kwanza mujiulize maneno matano

Musikimbilie kununua vitu vipya. Mutu anayenunua bila kuuliza anabadilisha nusu ya motokari, na mutetemeko unabaki. Muulize hivi:

Neno la kwanza: Munausikia wapi? Ukiwa katika usukani, mutafute ku magurudumu ya mbele. Ukiwa katika kiti na chini ya miguu, mutafute ku magurudumu ya nyuma ao ku kardani, ule muti wa chuma unaozungusha magurudumu ya nyuma.

Neno la pili: Unakuja munapofunga fre tu? Basi mutazame disiki na ngoma za fre. Zimepindika ao zimekulika vibaya.

Neno la tatu: Unakuja munapokanyaga mafuta, na kupungua munapoondoa muguu? Mutazame kardani na viungo vyake.

Neno la ine: Unafuata motere ao unafuata njia? Muende kwa mwendo ule ule, mara moja kwa vitesi ya ine, mara moja kwa vitesi ya tatu, kama motere inaweza bila kulia sana. Motere inabadilisha mazunguko yake, lakini magurudumu hayabadilishi. Mutetemeko ukibaki ule ule, ugonjwa ni wa magurudumu ao wa kardani. Ukibadilika, ugonjwa ni wa motere. Tena musimamishe motokari, muongeze mafuta polepole. Ikitetemeka hata imesimama, muache magurudumu, mutazame buji na mipira inayobeba motere.

Neno la tano: Unakuja hata kwa mwendo mudogo, kilometa 20 ao 40, gurudumu likitembea kama mutu mwenye kilema? Musimame. Mupira umepasuka ndani ao janti imepindika. Mupira wa namna hii unaweza kupasuka kabisa njiani.

Maneno haya matano hayaombi franka hata moja.

4. Kabla ya kushika kriki

Muziweke motokari pahali pa sawa, pagumu. Mutie mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Chini ya kriki mutie ubao mupana, maana udongo wa mvua unakunywa kriki. Watu wote washuke, na muzigo ushuke vilevile. Tena musilale hata kidogo chini ya motokari inayosimama juu ya kriki peke yake. Mutie kwanza vipande vya miti minene na migumu chini ya chasi. Kriki inateleza bila kusema neno.

5. Kazi ambazo kijiji kinaweza kufanya

Ya kwanza ni buloni. Mushike ufunguo, mujaribu kila buloni ya kila gurudumu. Ikiwa moja inazunguka kwa mukono, mumejua ugonjwa, na motokari isingetembea hata hatua moja mbele. Mukaze kwa musalaba: moja ya juu, kisha ile inayoangaliana nayo chini, kisha ya upande, kisha ya upande wa pili. Musikaze kwa kuzunguka moja baada ya moja, maana gurudumu litakaa upande. Mukaze mara ya mwisho gurudumu likiwa chini. Kisha mutembee kilometa 50, musimame, mukaze tena. Kila mara munapobadilisha gurudumu, mufanye vile.

Ya pili ni udongo. Tangu mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4 mvua inanyesha, na magurudumu yanakokota udongo. Unajaa ndani ya janti, upande usioonekana, na kukauka kama tofali. Mutoe kwa muti na maji, pande zote. Musafishe na kardani vilevile. Kisha mujaribu ku njia. Mara nyingine ugonjwa unakwisha hapa, na dawa ilikuwa ndoo moja ya maji.

Ya tatu ni pahali janti inapokutana na motokari. Kutu ao udongo ukibaki katikati, gurudumu linakaa upande hata buloni zikikazwa sana. Musugue kwa brosi ya chuma mpaka pawe safi.

Ya ine ni mipira. Mupime upepo asubuhi, mipira ikiwa baridi, na mufuate hesabu iliyoandikwa ku karatasi ya mulango ya motokari. Kisha mupitishe mukono polepole juu ya kila mupira. Mukisikia kivimbe kama jipu, ule mupira umekufa. Musiutie nyuma na kusema «utafika tu». Mukisikia pahali pamekulika na pahali pengine hapana, kuko sababu: upepo mubaya, amortisa imechoka, ao viungo vya usukani vimelegea.

Ya tano ni kutazama gurudumu likizunguka. Mulinyanyue kwa kriki, mufunge musumari ku kijiti, mukisimike karibu na janti, pasipo kugusa. Muzungushe gurudumu kwa mukono. Ikiwa nafasi kati ya musumari na janti inakuwa kubwa, kisha ndogo, janti imepindika. Mufanye vile na mupira. Kisha mushike gurudumu juu na chini, mulitikise. Likicheza, mutazame rulema kwanza. Mushike kushoto na kuume, mulitikise. Likicheza namna hii tu, mutazame viungo vya usukani. Motokari ya namna hii isibebe mutu mpaka fundi aitengeneze.

Ya sita ni kupima uzito wa gurudumu. Kazi hii ni ya magurudumu ya mbele ya pikapu ambayo motere haiyazungushi. Gurudumu likiwa juu na kuzunguka bila kukwama, mulisukume polepole, muliache lisimame lenyewe. Mutie alama ya chaki chini kabisa. Mufanye mara tatu. Alama ikirudi chini kila mara, upande ule ni muzito. Mutazame kama kipande cha risasi kimeanguka ku janti: pahali pake panabaki safi, bila kutu. Kipande kipya kinafungwa upande wa juu, unaoangaliana na ule muzito, mpaka gurudumu lisimame popote.

6. Kazi za fundi

Kupima kwetu kwa chaki kunaonyesha uzito wa juu na chini tu. Uzito wa upande wa ndani na wa inje haupimwi namna hii. Mujini kuko garaji zenye mashini inayozungusha gurudumu na kuonyesha pahali pa kutia risasi, pande zote mbili. Muende huko siku ile ile munapouza mahindi. Mumupe fundi magurudumu safi, maana akipima pamoja na udongo, udongo ukianguka kesho mutatetemeka tena.

Kardani vilevile ni ya fundi. Ninyi muweze kuijaribu tu: motere imezimwa, mawe yako chini ya magurudumu, mushike kardani kwa mikono miwili, mutikise juu na chini. Ikicheza ku viungo vyake, vimekwisha. Kardani inazunguka karibu mara ine kupita magurudumu, basi kosa kidogo tu linaleta mutetemeko mukubwa. Ikikatika mbele na kuanguka ku lami, inaweza kupindua motokari. Kabla ya kuitoa, mutie alama ku viungo ili irudi namna ilivyokuwa. Na kama ina pahali pa gresi, muitie gresi mara kwa mara.

7. Shauri la kijiji

Sasa neno la mwisho, na ni neno kubwa. Motokari ya kijiji ina wenyewe wengi, na kitu cha watu wengi mara nyingi hakina mutu wa kukitazama. Shofere anasema: «Nilisikia mutetemeko, lakini wazee walitaka gunia zifike leo.» Wazee wanasema: «Shofere hakutuambia.» Na mama aliyekaa juu ya gunia na mutoto mugongoni, yeye hakuulizwa na mutu.

Basi mukate shauri mbele, siku ambapo hakuna haraka. Shofere akisema «inatetemeka, ninasimama», pasiwe mutu wa kumugombeza, hata soko likipita. Muweke daftari moja, muandike tarehe, kilometa, na kazi iliyofanywa. Katika kila feza ya muzigo mutenge franka za magurudumu, kama munavyotenga mbegu ya mwaka unaokuja. Mutu asiyekula mbegu yake anapanda tena.

Mahindi yakichelewa siku moja, bei inaweza kupungua kidogo. Gurudumu likitoka ku lami mbele ya kamio ya shaba, hakuna bei inayorudisha mutu.

Kesho asubuhi, mbele ya kupakia, shofere ashike ufunguo, na vijana wawili washike ndoo na kijiti. Kazi ya buloni na udongo haipiti saa moja. Mukitaka, nitabaki hapa usiku wa leo, tufanye pamoja.

Nimemaliza. Mwenye kuuliza, aulize.