Mkristo na Jirani Asiyeamini Mungu



Husikika mara nyingi siku hizi, mjini na mashambani, malalamiko ya wazee wa Kanisa kwamba vijana wameanza kuiacha ibada, na kwamba wako wasomi wanaosema waziwazi kuwa hakuna Mungu. Wengine hulaumu vitabu, wengine hulaumu simu na sinema, na wengine hulaumu elimu yenyewe. Malalamiko hayo si ya kudharauliwa. Lakini mganga mwenye busara hatoi dawa kabla ya kuuliza maumivu yalianzia wapi. Maradhi haya nayo yana historia, na yaweza kusomwa vizuri katika nchi ya Uingereza, ambako ndiko walikotoka wengi wa wamisionari walioileta Injili Kenya.

Katika hesabu ya watu iliyofanywa England na Wales mwaka wa 2001, watu 72 hivi katika kila 100 walijiandika kuwa Wakristo. Mwaka wa 2021 walibaki 46. Katika muda huo huo, waliosema kwamba hawana dini yo yote walitoka 15 wakafika 37. Ndiyo kusema kwamba katika nchi ambayo Mfalme wake ni mkuu wa Kanisa, Wakristo sasa hawafiki nusu ya watu.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Kukana Mungu ni kusema kwamba Mungu hayuko. Usekula ni jambo jingine: ni mafundisho kwamba mambo ya dunia hii, yaani sheria, shule, kazi na mwenendo mwema, yaweza kuongozwa kwa akili ya binadamu pasipo kutegemea dini. Mtu aweza kushika la pili bila kushika la kwanza. Aliyeyapa mafundisho hayo jina lake, mwaka wa 1851, ni Mwingereza George Jacob Holyoake, na habari za maisha yake zina mengi ya kumfundisha Mkristo.

Holyoake alizaliwa Birmingham mwaka wa 1817 katika nyumba ya watu wa kazi. Baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha chuma. Mama yake alikuwa mcha Mungu, naye alitengeneza vifungo vya pembe ili kuongeza riziki ya nyumba. Katika siku zile watu walidaiwa ada ya Pasaka kwa ajili ya kasisi wa parokia, hata kama wao walisali katika kanisa jingine. Holyoake alisimulia alipokuwa mtu mzima kwamba mwaka mmoja ada hiyo ilichelewa, kwa sababu dada yake mdogo alikuwa mgonjwa na fedha zilihitajiwa kwa kumtunza. Ikaja samansi. Mama akaogopa, akamwacha mtoto kitandani akaenda kulipa, na huko akangojeshwa. Aliporudi, alimkuta mtoto amekwisha kukata roho.

Kijana huyo alikua, akawa mwalimu na msemaji wa watu wa kazi. Mwezi wa Mei mwaka wa 1842 alitoa hotuba mjini Cheltenham juu ya njia za kuwapatia maskini makazi na kazi. Alipomaliza, msikilizaji mmoja aliuliza mbona ametaja wajibu kwa binadamu tu asitaje wajibu kwa Mungu. Holyoake akajibu kwamba dini inaligharimu taifa fedha nyingi mno, na kwa kuwa watu ni maskini, ingefaa Mungu naye alipwe nusu ya mshahara, kama walivyolipwa maofisa wa jeshi waliopumzishwa.

Yalikuwa maneno ya dhihaka, na Mkristo hawezi kuyapenda. Hata hivyo, mwenye masikio angesikia ndani yake kilio cha mtu anayekumbuka samansi ya Pasaka. Wakuu wa siku zile hawakukisikia. Holyoake alikamatwa, akapelekwa mahakamani Gloucester kwa hatia ya kukufuru, na ingawa alijitetea kwa saa nyingi, alifungwa gerezani miezi sita. Huko nyumbani mkewe aliachwa na riziki isiyotosha, na binti yake mdogo, Madeline, akafa baba angali kifungoni.

Basi mara mbili mtu huyu aliiona dini ikija nyumbani kwake na nguvu za sheria, na mara zote mbili akazika mtoto wa nyumba yake. Je, ni ajabu kwamba kasisi wa gereza hakufaulu kumgeuza? Gereza lilikusudiwa kumnyamazisha mkufuru mmoja, na badala yake likamtoa kiongozi wa wengi.

Pengine mtu atasema kwamba Holyoake alikuwa mmoja, na kisa cha mtu mmoja si kipimo cha taifa. Ni kweli. Lakini mwaka ule ule wa 1851, siku ya Jumapili tarehe 30 Machi, serikali ilihesabu watu wote waliohudhuria ibada katika England na Wales. Taarifa iliandikwa na mwanasheria Horace Mann, ikatolewa mwaka wa 1854. Katika watu milioni 18 hivi, Bwana Mann alikadiria kwamba zaidi ya milioni 5 wangaliweza kwenda kanisani siku ile lakini hawakwenda. Wengi wao walikuwa watu wa kazi wa miji mikubwa.

Taarifa ile haikusema kwamba watu hao walikuwa wamesoma vitabu vya wanafalsafa wakashindwa na hoja zao. Sababu zilizotajwa zilikuwa za karibu zaidi. Viti vya kanisani vilikodishwa, na tajiri alikuwa na kiti chake chenye mlango, naye maskini aliketi penye viti vya bure ambapo kila mtu aliona kwamba hana kitu. Tena maskini waliona kwamba Kanisa halishughulikii shida zao za kila siku, na wengine walidhani kwamba mhubiri huhubiri kwa sababu ya mshahara. Zaidi ya hayo, nyumba zao zilikuwa zimejaa watu hata hapakuwa na nafasi ya kusali kwa utulivu.

Kila asomaye Waraka wa Yakobo atakumbuka jinsi mtume alivyowakemea wale waliompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri, na maskini wakamwambia asimame. Onyo lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo wa Kanisa, na lilisomwa katika makanisa yale yale yaliyokodisha viti. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Haifai kusema kwamba hoja za akili hazina uzito. Wako watu wanyofu waliosumbuliwa na mateso ya wasio na hatia, na wengine waliopatwa na shaka kwa sababu ya mavumbuzi ya sayansi, hasa baada ya Charles Darwin kutoa kitabu chake mwaka wa 1859. Maswali yao yanastahili majibu ya mtu aliyefikiri. Kijana aliyeambiwa kwamba lazima achague kati ya sayansi na Mungu ameambiwa jambo lisilo kweli. Sheria za kurithi, ambazo wataalamu wa mbegu huzitumia kuboresha mahindi ya mkulima wa Trans Nzoia, ziligunduliwa na mtawa, Gregor Mendel, kwa kupanda njegere na kuhesabu mazao yake katika bustani ya monasteri. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji ndiye aliyeeleza mwaka wa 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Watu hao hawakuona haja ya kuzima taa moja ili kuwasha nyingine.

Mkristo akiisha kuyakubali hayo, akubali pia jambo lililo gumu zaidi, nalo ni kwamba asiyeamini aweza kutenda mema. Mwaka wa 1844, katika mji wa Rochdale, mafundi maskini 28 walichanga akiba yao wakafungua duka dogo la unga, siagi na sukari, wakiapa kupima kwa haki na kugawana faida kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Kutoka duka lile vilienea vyama vya ushirika duniani, na vyama vya kahawa na maziwa vya Kenya ni wajukuu wake. Mwandishi aliyezitangaza habari za Rochdale mpaka zikajulikana katika nchi nyingi alikuwa Holyoake huyo huyo. Mkulima Mkristo apokeapo malipo yake katika chama cha ushirika anakula, kwa sehemu, matunda ya kazi ya mtu aliyefungwa kwa kukufuru. Kwa Mkristo hilo si la kuonea haya, kwa maana Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, naye aweza kumtumia amtakaye.

Wako pia Wakristo wa wakati ule walioyatambua makosa wakayatengeneza kwa vitendo. William Booth na mkewe Catherine walianza kazi yao katika mitaa maskini ya mashariki ya London mwaka wa 1865, na kazi hiyo ikawa Jeshi la Wokovu. Hawakungoja maskini waje kwenye viti vya kukodi, bali waliwaendea barabarani. Mwaka wa 1891 Jeshi hilo lilifungua kiwanda cha viberiti ambacho hakikutumia fosforasi ile iliyoozesha mifupa ya taya za wafanya kazi. Mwanamke aliyeokolewa na ugonjwa ule aliiona Injili kabla ya kuihubiriwa. Jeshi hilo lilifika Kenya mwaka wa 1921, na shule zake zinajulikana mpaka leo.

Sasa itazamwe Kenya. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, zaidi ya watu 85 katika kila 100 walikuwa Wakristo, na walioandikwa kuwa hawana dini au hawaamini Mungu walikuwa 755,750, yaani kama 16 katika kila 1,000. Ni wachache, lakini mwenye shamba haoni palizi kuwa kazi ya mwisho wa msimu. Katiba ya mwaka wa 2010, ambayo utangulizi wake unamtaja Mungu Mwenyezi, inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya serikali, na katika kifungu cha 32 inamlinda kila mtu katika dhamiri na imani yake. Ulinzi huo humfunika Mkristo, Mwislamu na asiyeamini vilevile. Wako Wakristo wanaotamani sheria iwanyamazishe wanaokana Mungu. Watu hao na wasome habari za Gloucester tena, polepole.

Hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa mwaka wa 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa dhehebu moja, pamoja na watoto wadogo. Walionusurika walisema kwamba walifundishwa kufunga chakula hadi kufa ili wamwone Yesu. Kijana aliyezisoma habari hizo, kisha akamwona mhubiri mwingine akiuza maji na mafuta ya miujiza kwa mjane, ana neno la kuliuliza Kanisa. Asipojibiwa, atajijibu mwenyewe. Kwa upande mwingine, mwezi wa Novemba mwaka wa 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha zilizotolewa na wanasiasa kwa parokia moja, likaagiza zirudishwe. Tendo hilo lilizungumzwa sokoni na ndani ya matatu, hata na watu ambao hawajasikiliza mahubiri kwa miaka mingi.

Basi Mkristo afanye nini? Kwanza, mzee wa Kanisa akiulizwa swali na mtoto wake aliyetoka chuoni, asimfokee wala asimwite mpotevu mbele ya ndugu zake. Akilijua jibu, amjibu. Asipolijua, aseme hivyo, wakalitafute pamoja. Pili, hesabu ya fedha za kanisa isomwe waziwazi mbele ya washiriki wote, na maskini asitajwe kwa sauti kuwa ametoa kidogo. Tatu, palipo na mgonjwa, yatima au mtu aliyeonewa, Mkristo afike mapema, na asiulize kwanza mtu huyo husali wapi.

Yako pia mafundisho katika habari za Tomaso. Wenzake walimwambia kwamba wamemwona Bwana, naye akakataa kusadiki asipotia kidole chake katika alama za misumari. Injili ya Yohana haisemi kwamba walimfukuza, wala kwamba walimshitaki. Inasema kwamba siku nane zilipopita wanafunzi walikuwamo tena ndani, na Tomaso pamoja nao. Kwa siku zote hizo walikula na kusali na mtu asiyesadiki. Bwana alipokuja, alimkuta Tomaso chumbani, kwa sababu wenzake walikuwa hawajamfungia mlango.