Nasra Anaugua, Sisi Tunauliza Harusi

Mazungumzo na wanavikundi vya kujisaidia, Liboi

Ile siku tulipoonyesha sinema ilikuwa usiku, jenereta imeisha mafuta, na kila mtu akaenda kwake na maneno yake tumboni. Tangu hapo nimesimamishwa njiani sijui mara ngapi. Nikaona heri tukae mchana tuyaseme.

Kwa wale ambao hawakuja: sinema inaitwa Guled na Nasra, na wengine huiita Mke wa Mchimba Makaburi. Ilitoka mwaka 2021. Aliyeitunga, Khadar Ayderus Ahmed, ni mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Finland akiwa kijana. Ilipigwa Djibouti, na watu wanaongea Kisomali. Mwaka huo huo ilipata tuzo kubwa kuliko zote katika tamasha la FESPACO kule Ouagadougou, na Somalia ikaituma kushindania Oscar, mara ya kwanza kwa nchi hiyo kutuma sinema. Mimi nilikuwa nasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, kwa hiyo ninyi mlicheka kwanza, mimi nikacheka nyuma yenu peke yangu.

Guled hukaa nje ya hospitali na koleo, yeye na wenzake, wakingoja maiti wa kuzika. Mkewe Nasra anaugua figo. Daktari anataka dola 5,000 za upasuaji, yaani zaidi ya shilingi 600,000 za kwetu. Guled anaamua kurudi kijijini kwao, kwa miguu, kuomba mifugo aliyoiacha. Lakini hawa wawili walitoroka wakaoana, na jamaa hawajasahau. Mwisho sitausema, kuna ambao hawajaiona.

Sasa, mlisemaje? Wazee walianza. Walisema anayetoroka na msichana bila kupita kwa wakubwa hana mdomo wa kudai mbuzi. Vijana wakajibu kwa ukali: kama mali yote iko mikononi mwa wazee, kijana ataoaje? Mabishano hayo yalikwenda karibu sawa na urefu wa sinema yenyewe. Nilikuwa nasikiliza nikajiuliza, jamani, na mgonjwa je? Watu wazima zaidi ya arobaini tunahukumu harusi iliyopita zamani, na mwanamke amelala pale kitandani.

Kina mama upande wao waliona jambo lingine. Mmoja alisema, wale wawili wanapendana, ndiyo sababu inauma. Kwingine mke akiugua sana anarudishwa kwa mama yake, mume anaanza kulala nje, na ugomvi unaingia. Ni kweli, nimeona nyumba nyingi zikivunjika hivyo, na mara nyingi chanzo si tabia ya mtu. Chanzo ni pesa za matibabu. Mume anaona aibu kwa kukosa, anakuwa mkali. Mke anadhani amechokwa. Guled na Nasra hawakufika huko. Taabu yao ilitoka nje ya nyumba.

Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa kimya muda wote, akasema neno ambalo mpaka leo sijaliweka chini. Alisema: "Kijana wetu akiua mtu, ukoo wote unakusanya diya. Ngamia mia kwa mwanamume, hamsini kwa mwanamke. Hakuna anayeuliza kama huyo kijana alioa kwa ruhusa. Nasra angeuawa, wazee wangekaa chini ya mti. Kwa vile anaugua tu, tunauliza harusi yake."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alimjibu kwa heshima, na jibu lake lina uzito: diya ni deni kwa watu wengine, usipolipa kuna vita. Ugonjwa ni wa qaaraan, mchango wa moyo, na moyo haulazimishwi. Sawa. Lakini mchango wa moyo unamfikia nani? Unamfikia mwenye jamaa wengi na aliyeelewana nao. Guled hana. Kwa mtu kama huyo kikundi kina kazi, maana katika kikundi mtu ni mwanachama kwa kutoa chake kila wiki, si kwa kuzaliwa.

Hapa nitasema jambo, na mwenyewe ameniruhusu bila jina. Wakati wa kiangazi mwanachama wa kikundi kimoja kati ya hivi vilivyo hapa aliomba mkopo ampeleke mumewe hospitali Garissa. Mnajua nauli ya gari mpaka kule, kabla hata ya kumwona daktari. Kamati ilikataa. Daftari linasema alichelewa malipo mara mbili. Nimelisoma daftari hilo. Wengine watatu walichelewa vilevile na wakapewa. Nanyi mnajua, kama ninavyojua, kwamba yeye na mumewe waliondoka kwao bila baraka. Akauza mbuzi wake wawili wa maziwa. Mume bado mgonjwa, na watoto sasa wanakunywa chai ya rangi.

Usiku ule wa sinema yeye alikuwa amekaa mstari wa tatu.

Pesa za mzunguko, ayuuto, zibaki za mzunguko. Lakini kila kikundi kinaweza kuwa na kisanduku cha matibabu, hata shilingi 20 kwa wiki, na sababu ya kumnyima mtu isomwe mbele ya wanachama wote ili ajibu. Halafu kuna SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwa asiye na mshahara haishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi kwa nyumba moja, nayo hulipwa kwa mwaka, na hapo ndipo wengi tunakwama: 3,600 kwa mara moja. Kikundi kinaweza kumlipia mtu naye akarudisha kidogo kidogo.

Kile kikundi nilichosema kinakutana Alhamisi baada ya alasiri. Ombi la yule mama litasomwa upya, mwenyekiti amekubali. Katibu aje na daftari, na mweka hazina aje na funguo.