Gari Linasoma: Kuunganisha Programu za Kupimia na Magari ya Zamani ya EFI katika Gereji za Kibaha na Kisarawe



Mada hii inahusu magari tunayoshinda nayo kila siku: Corolla AE100, Carina Ti, Noah ya injini ya 3S, Spacio, Vitz, IST, na kirikuu zinazopandisha mzigo kutoka Pugu kwenda Kisarawe na kuendelea hadi Maneromango. Yapo mengi ya EFI, yaani kiasi cha mafuta kinaamuliwa na kompyuta badala ya kabureta. Na mengi yamewahi kufikishwa kwenye gereji ya kandokando ya Barabara ya Morogoro, fundi akachomeka kifaa, akatikisa kichwa na kusema halisomi kwenye mashine. Mwenye gari akaambiwa ajaribu Dar es Salaam. Ninachosema leo ni kwamba mara nyingi gari hilo linasoma vizuri tu. Kilichokosewa ni namna tulivyoliuliza.

Tuanze na soketi, kwa kuwa ndiyo inayotupoteza. Marekani ililazimisha mfumo wa kupimia wa OBD2 kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Sheria hizo hazikuishia kwenye umbo la soketi yenye matundu 16. Zilitaja pia lugha ambazo kompyuta ya injini inaruhusiwa kutumia. Sasa, magari yetu mengi hayakutengenezwa kwa ajili ya Mmarekani wala Mzungu. Yaliuzwa kwa Wajapani, yakatembea huko miaka kadhaa, ndipo yakapanda meli kuja kwetu. Toyota iliweka soketi hiyohiyo ya matundu 16 chini ya dashibodi, lakini mazungumzo ya ndani yakabaki ya kiwanda chenyewe. Ndiyo maana kifaa kinaingia bila shida, taa yake inawaka, na bado hakipati jibu.

Kifaa ambacho vijana wengi wanacho ni nakala ya ELM327, chipu iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada. Kinaungana na simu kwa bluetooth, kisha inafunguliwa programu kama Torque. Programu hiyo ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, huita kompyuta ya injini kwa anwani 33, kwa kasi ya biti 10,400 kwa sekunde. Vitz au IST ya toleo la kwanza, ile iliyoanza mwaka 2002, inasubiri kuitwa kwa anwani 13, kwa kasi ya 9,600. Ni kama kumpigia mtu kwa namba isiyo yake, halafu ukatangaza mtaani kwamba amehama.

Dawa yake ni mistari mitano inayoandikwa kwenye wasifu wa gari ndani ya programu, sehemu ya mipangilio ya ziada: ATIB96, ATIIA13, ATSH8213F1, ATSPA4 na ATSW00. Wa kwanza unashusha kasi, wa pili unabadilisha anwani, wa tatu unaweka kichwa cha ujumbe, wa nne unachagua protokali, na wa mwisho unazuia zile ishara za kuamsha ambazo kifaa hutuma chenyewe. Mistari hii inafaa kwa Toyota nyingi za soko la Japani za miaka hiyo, ingawa si zote. Kifaa kikijibu kwa alama ya kuuliza, ujue hakielewi amri, na hapo usililaumu gari. Nakala nyingi zilizoandikwa toleo 2.1 zimepunguzwa amri. Na kile kilichoandikwa 1.5 kisikutishe wala kukuvutia kwa namba yake, kwa sababu Elm haikuwahi kutoa toleo hilo.

Kabla ya yote hayo, chukua multimita. Tundu la 16 liwe na umeme wa betri, la 4 na la 5 yawe na ethi. Mara ngapi tumekuta fyuzi ya soketi imekufa kwa sababu aliyefunga redio au alamu alichomoa umeme palepale alipoona panamrahisishia? Mafundi redio watanisamehe, lakini nusu ya kazi ya umeme wa magari siku hizi ni kufuata nyayo zao.

Magari ya zamani zaidi ni habari nyingine. Kwenye AE100 hakuna haja ya kutafuta adapta ya kugeuza soketi, maana adapta inabadilisha umbo tu. Fungua boneti utafute kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna pini za TE1 na E1. Unganisha hizo mbili kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, uangalie taa ya injini. Ikiwakawaka mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kodi ya hitilafu iliyohifadhiwa. Kukiwa na kodi, taa huhesabu. Chukua kodi 22: inawaka mara mbili, inatulia kama sekunde moja na nusu, inawaka tena mara mbili, kisha inapumzika zaidi kabla ya kurudia. Kwenye soketi ya matundu 16, kazi hiyohiyo hufanywa na tundu la 13 na la 4. Hapo taa za ABS na za mifuko ya hewa nazo zitawaka, msizichanganye. Hesabu matundu mara mbili, kwani la 16 lina umeme muda wote na halisamehe. Na waya usisahaulike ndani ya kiboksi: ukiwa pale, kompyuta ya injini ya 5A-FE inaacha kusogeza cheche na kuibakiza kwenye nyuzi 10, na gari litakuwa zito kupanda mlima wa Kisarawe.

Sasa hiyo 22 inasema nini? Inasema sakiti ya sensa ya joto la maji ina kasoro. Haisemi nunua sensa. Sakiti ni sensa, plagi yake, waya na ethi. Tukichomoa plagi ya gari lililokuwa likijaziwa maji ya kisima kwenye rejeta, mara nyingi tunakuta ukungu wa kijani kwenye pini. Kuusafisha hakugharimu chochote. Wakati huo wote kompyuta imejikadiria nyuzi 80 ili gari lisizime njiani, kwa hiyo dereva anahisi tu kwamba asubuhi linawaka kwa tabu.

Faida kubwa ya programu, kwa maoni yangu, si kodi hata kidogo. Ni namba zinazotembea wakati injini inafanya kazi. Joto la maji likionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri hapa Kibaha, waya umekatika mahali, hakuna ubishi. Lakini kuna jambo tulilojifanyia wenyewe: tumetoa thermostati kwenye magari mengi, tukidai nchi yetu ni ya joto. Thermostati ya 5A-FE huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikiondolewa, gari likienda Mlandizi barabara ikiwa nyeupe, programu inaweza kuonyesha joto limeganda kwenye sitini na kitu. Kompyuta inaamini injini haijapata moto, inaendelea kumwaga mafuta. Hakuna kodi itakayotokea, kwa kuwa hakuna sensa iliyoharibika. Mteja analalamika gari linakula mafuta, tunambadilishia plagi, kisha nozeli, kisha sensa ya oksijeni, na kile kipande kidogo cha chuma tulikitupa wenyewe.

Nissan za zamani zina soketi yao ya matundu 14 na mfumo wao wa Consult. Zinahitaji kebo na programu za peke yake. Anayeshughulika zaidi na Toyota na ana kompyuta mpakato ya Windows, kebo ya Mini-VCI na Techstream zitamfikisha mbali kuliko simu.

Baada ya chai tutatoka uwanjani kwenye AE100 na IST. Kila kikundi kiwe na multimita na kipande cha waya, simu zibaki mfukoni kwanza. Asiyejua fyuzi ya EFI iko wapi aulize kabla ya kuichomoa, kwa sababu ikichomolewa tu, kodi zote zinafutika na hatutakuwa na cha kusoma.